Mnara wa Kidole Nusu

Mimi ni fundi mwashi, na mbele ya ukuta sijui kujishusha. Nioneshe jengo lolote la zamani hapa Likasi, nitakuambia fundi wake alikuwa hodari au mvivu. Ndiyo maana pasta wetu aliponipa kazi ya kuubomoa mnara wa hekalu la Wahindi, sikutaka hata msaidizi.

Hekalu lile lilijengwa zamani na wafanyabiashara wa Kihindi, nyuma ya maduka yao. Wao waliondoka, likawa ghala la unga, kisha kanisa letu likalinunua. Ukumbi tuliupenda. Shida ilikuwa kile chumba kidogo cha mwisho, kisicho na dirisha, ambamo sanamu yao ilikaa, na mnara uliosimama juu yake. Waumini walisema mapepo bado yamo.

"Papa masoni," pasta akaniambia, "ile kitu itoke mbele Pasaka ifike."

Nikapanda na nyundo yangu na kiburi changu. Ncha niliivunja asubuhi moja, nikiimba. Lakini kadiri nilivyoshuka, wimbo ulinikauka mdomoni. Hapakuwa na nondo wala ubao. Kila mstari wa matofali uliingia ndani upana wa kidole kuliko ule wa chini yake, pande zote nne, mpaka pande zikakutana juu, na uzito wenyewe ndio ulioshikilia kila kitu. Mjini sote tulikuwa tunasema kazi ile ililetwa tayari kutoka India. Aka! Matofali yalikuwa ya udongo wa kichuguu, wa kwetu kabisa, ukiyagonga yanalia kama chungu.

Nikageuza moja. Chokaa ikabanduka, na chini yake palikuwa na alama ya mkono.

Desturi hiyo naijua. Wafyatuaji wa zamani waligandamiza kiganja kwenye tofali bichi, kila mtu chake, ili tanuru likifunguliwa ijulikane yaliyopasuka ni ya nani, na mwenyewe achekwe vizuri. Lakini mkono huu ulikuwa na kidole cha shahada kilichokatikia katikati. Nikageuza la pili: nusu. La tatu: nusu. Nikakaa pale juu. Eh, Mungu wangu, nimevunja nini?

Mama yangu hana picha ya babake. Kaburi lake lilikuwa upande wa Kamatanda, na wachimbaji walipofuata madini walipita nalo. Leo pale ni shimo. Alichobaki nacho mama ni mchezo mmoja tu. Babake alipoteza nusu ya kidole kwenye behewa la mgodi kule Kambove, akaacha mgodi, akageukia matofali. Alipomfundisha bintiye kuhesabu alitumia mkono ule ule. Mtoto akisema tano, baba anakataa: "Hapana, ine na nusu!" Mama ametusimulia hilo mpaka tumechoka kulisikia.

Niliteremka na tofali moja ndani ya koti. Mama alikuwa mlangoni anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Nikamwekea tofali mapajani. Akalifuta vumbi kwa kitenge chake, akaanza kuingiza vidole vyake ndani ya vidole vile, kimoja kimoja, kile kifupi akakiacha cha mwisho.

"Moya. Mbili. Tatu. Ine." Kidole kikagota. "Na nusu."

Akalia kwa sauti, mama huyu asiyelia hata msibani. Alipotulia akaniuliza, "Zingine umevunja?"

"Nimevunja, mama."

"Weye!" Akanichapa begani. Mtu mzima, nina ndevu za mvi, nikachapwa, na nilistahili. "Hii sitaki ikae kwa nyumba. Rudisha kule. Lakini weka pahali mukono yangu itafika."

Jioni tulikwenda kwa pasta, mama mbele. Pasta alianza habari za sanamu. Mama akamwacha amalize, kisha akamsukumia tofali.

"Pastere, minye nilizaliwa na mwenye mukono hii. Kama iko pepo, anza na minye."

Pasta akaliangalia tofali, akamwangalia mama, kisha akanigeukia na kuniuliza kuirudisha ncha itanichukua siku ngapi.

Nimeirudisha. Matofali mapya ni mekundu zaidi, kwa hiyo kila mtu anaona pale nilipokosea, acha waone. Lile la mama nililijenga chini, kwenye kona ya nje ya kile chumba kidogo, upande wa ukumbi, mkono ukitazama watu. Jumapili anafika mapema kuliko kwaya. Anaweka vidole vyake pale, midomo inacheza, na sisi wengine tunasimama mlangoni, hakuna anayeingia, mpaka afike nusu.