Nilichukua leseni ya udalali Dodoma nikamwacha nje mama aliyenifundisha kazi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kuna sehemu sitaonekana mtu mzuri, mnivumilie.

Mkataba wangu wa ofisini ulipoisha, nilikaa tu nyumbani Mkonze miezi kadhaa. Aliyenitoa ndani ni jirani yangu Mama Zuhura, mama wa Kondoa, dalali wa viwanja tangu mimi niko shule.

"Mwanangu, wewe unajua kompyuta, mimi najua viwanja. Twende kazini."

Huyo mama alinifundisha kila kitu. Kabla ya kuongea na muuzaji, ongea na jirani wa kiwanja. Bikoni, lile jiwe la mpaka, itafute mwenyewe mpaka uiguse, usikubali kuonyeshwa kwa kidole.

Siku moja alikataa kuuza kiwanja kizuri cha barabarani kwa sababu ndugu wawili walikuwa wanakigombania. Tukarudi mikono mitupu, mama anacheka tu njia nzima. (Mimi sikucheka.)

Halafu akaja mteja, mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Mwanza. Kiwanja tulichomwonyesha alikipenda. Akauliza, "Leseni yenu ya udalali naweza kuiona?"

Tukatazamana.

"Mtaa mzima unanijua, baba," Mama Zuhura akajibu.

"Sikatai mama, ila nilishatapeliwa. Mkiipata nipigieni, nitasubiri wiki mbili."

Tukakubaliana tuombe kwa ubia, sisi wawili. Hapo ndipo tatizo likajitokeza. Kitambulisho chake kinasema Zuhura, TIN yake, ile namba ya mlipakodi ya enzi anauza khanga, inasema Zuhra. Herufi moja tu wakuu! Ikabidi ale kiapo kwa wakili, aombe marekebisho, kisha asubiri.

Nikaona siku zinakwenda. Nikajaza fomu kwa jina langu peke yangu, bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kumuwahi mteja. Ukweli, nilitamani pia kuliona jina langu pale.

Leseni ikatoka. Nikampelekea mbio mbio. Akafuta unga mikononi, akaisoma taratibu mpaka chini, akarudi juu akaisoma tena.

"Hongera sana mwanangu." Akanikumbatia, na alimaanisha. Kisha akauliza, "Sasa kesho nije kazini saa ngapi, bosi?"

Wakuu, hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyeajiriwa siku hiyo.

Nikajibu kitu ambacho hata sikikumbuki, nikaondoka.

Asubuhi nikampigia yule mteja, nikamwambia leseni naiomba upya kwa majina yetu mawili, kwa hiyo tutachelewa, na kwa nini. Akanishukuru kwa kusema ukweli, na kiwanja akanunua kwa dalali mwingine. Siwezi kumlaumu.

Nikaenda kwa Mama Zuhura. "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Wa nini tena?"

"Jina lako. Nililiruka makusudi."

"Mimi nilidhani umeona nimezeeka."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Siku ya kwenda kwa wakili alivaa gauni lake la Idi. Foleni nzima aliisalimia. Mmoja alimuuliza habari za viwanja vya Makutupora, nusura tupitwe zamu yetu!

Tulihangaika kama mwezi hivi. Siku ya mwisho, dada wa dirishani kwenye ofisi ya leseni alitutazama akauliza, "Huyu kijana ni nani wako, mama?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kazini. Lakini andika mwanangu tu."

Dada akacheka, akamwambia fomu haina sehemu hiyo.

Karatasi mpya zina majina mawili, na la kwake ndilo la kwanza. Kumpoteza yule mteja kuliuma, sitawadanganya, ila sasa nikipita nyumbani kwa mama yule naingia bila woga.

Nilichojifunza: unayetaka leseni, linganisha majina kwenye karatasi zako zote kabla hujaanza chochote. Na aliyekufundisha kazi, msubiri. Hata kama mteja ameshasimama mlangoni.

Mnaojua taratibu hizi kuliko mimi, rekebisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kumruka mtu wako kama nilivyofanya, ulirudi kwake na maneno gani?