Safari Isiyo na Matanga

Ukiuliza habari za Filister Amondi pale Kianda, mtaa wa Kibera, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba ana kichwa kigumu. Ni kweli. Nami naongeza kwamba bila kichwa kigumu Kibera ingemtema zamani.

Kazi yake iko Kawangware, nyuma ya vibanda vya mitumba, na ni kazi ya kufufua mabegi. Marobota yakifunguliwa, wauzaji humletea mabegi ya mgongoni yaliyokatika kamba na kukwama zipu, naye huketi na cherehani yake akayarudisha sokoni. Akiyapindua, mifuko humwaga mchanga mweupe, vipande vya kombe, wakati mwingine tikiti ya mashua ya nchi asiyoijua hata jina. Kwa miaka mingi Filister aliukung'uta mchanga huo sakafuni akicheka. Siku moja hakucheka, alikasirika. Kwani begi hili limetembea kuliko mimi?

Maana yeye na mumewe Nyongesa, fundi wa milango ya chuma kule Olympic, walikuwa wametembea wapi? Ugenya kwao mke, Kimilili kwao mume, na kila mara mbele yao kuna jeneza. Mitaani kwetu mtu hapandi basi katikati ya mwezi bila sababu, na sababu inajulikana. Ukionekana na begi alfajiri siku ya kazi, majirani hawakuulizi unaenda wapi. Wanakuuliza ni nani.

"Baba Trizah, tunaenda bahari," Filister alimwambia mumewe jioni moja wakila omena. "Mimi na wewe, na mabegi mgongoni. Hatuendi kuona mtu, hatuendi kuzika mtu."

"Watu watasema nini? Huko kwetu hata nyumba sijaezeka."

"Nyumba itaezekwa. Mimi nazeeka." Kisha akaongeza sharti moja tu. "Na hatutoki kama wezi. Mtu akiuliza, unamwambia unampeleka bibi yako kutembea."

Nyongesa akakubali. Kukubali ukiwa kwako mezani ni rahisi.

Asubuhi ya safari Filister alikuwa ndani akifunga kufuli la pili, Nyongesa nje na mabegi mawili na hema la mtumba. Mama Ndeti, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, akatokea na mtungi wa maji. Akayaona mabegi, akauweka mtungi chini.

"Woi! Ni nani?"

Yule mwanamume anayekunja chuma kwa mikono akakosa ulimi. Akatazama viatu vyake.

"Ni upande wa Mama Trizah?"

Nyongesa akaguna.

"Si mzee? Aki usiniambie ni mzee!"

Akaguna tena. Mama Ndeti akafuta machozi kwa ncha ya leso, akaondoka mbio kuwaambia wenzake.

Filister alisimuliwa hayo na mumewe basi likiwa limeshapita Voi.

"Umemuua babangu?"

"Sijamuua. Nilinyamaza tu."

"Chukua simu umpigie Mama Ndeti sasa hivi. Wewe ndiye utasema, si mimi."

"Nitampigia tukifika."

Wakafika, hakupiga. Wakavuka Likoni, wakalala Tiwi ndani ya hema, na bado hakupiga. Filister aliamua hatamsaidia. Hasira ilimkaa kifuani, kwa kuwa alijua kinachomuumiza. Si uongo wenyewe. Ni kwamba mumewe aliona heri msiba kuliko kukiri kwamba anampenda mkewe kiasi cha kumpeleka matembezi.

Maji yalipokupwa wakatembea ufukweni kwa miguu kuelekea Diani. Mchanga ulikuwa uleule wa mifukoni, ila sasa ulikuwa mwingi hadi macho yanauma. Mbele ya hoteli moja kubwa askari akawasimamisha. Akatazama mabegi, akatazama nyuma yao.

"Wageni wenu wako wapi?"

Ilikuwa mara ya tatu kuulizwa hivyo tangu asubuhi. Mwafrika mwenye begi kubwa pwani anajulikana. Anambebea mtu.

"Wanakuja nyuma," akasema Nyongesa.

Filister akasimama. Akavua begi, akaliweka chini, akaketi mchangani palepale mbele ya hoteli na kuanza kuvua viatu.

"Afande, wageni ndio sisi. Tuangalie vizuri, usitusahau."

Askari akacheka kwa haya, akajiendea. Filister akamgeukia mumewe. "Nyumbani umenifanya mfiwa, huku umenifanya mpagazi. Mimi ni bibi yako na nimekuja kuoga bahari. Hilo tu ndilo linakushinda kusema?"

Jioni hiyo Nyongesa alikaanga mayai mwenyewe, lakini mayai si jibu.

Siku iliyofuata wakavuka na mashua ya injini hadi kisiwa cha Wasini. Wakala pweza, wakatembea juu ya mawe ya matumbawe, wakapotea vichochoroni na kurudishwa na watoto. Mchana Filister aliingia majini na gauni lake, hadi kiunoni, akapiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Alikuwa na furaha, sina neno lingine. Nyongesa alikuwa amefika magotini simu ilipolia. Ni Khaemba, kaka yake mkubwa, anayepiga kelele hivi kwamba hata Filister alisikia kila neno.

Habari ya Mama Ndeti ilikuwa imetoka kanisani Kianda hadi Kimilili. Khaemba, mtu anayejua heshima ya wakwe, alikodi pikapu, akapakia shangazi na mbuzi wa rambirambi, wakateremka Ugenya. Kama desturi inavyotaka, walianza kulia wakiwa bado langoni. Mzee Ojwang, baba yake Filister, akatoka mbio, sabuni ya kunyolea mashavuni, akiuliza nani amekufa. Shangazi alipomwona akaanguka chini.

"Uko wapi wewe?" Khaemba aliuliza.

Nyongesa akamtazama mkewe. Filister alisimama tu majini, mikono kiunoni.

"Niko Wasini."

"Huko kuna matanga ya nani?"

"Hakuna matanga. Ni kisiwa. Niko na bibi yangu baharini."

"Mnafanya nini?"

"Tunaoga."

"Mnalipwa?"

"Hapana, tumelipa sisi." Akasogea hatua moja kwa mkewe. "Khaemba, sikiza. Hakuna aliyekufa. Niliona aibu kusema nampeleka bibi yangu kutembea, nikanyamaza. Kosa ni langu. Mzee akitaka jogoo wa kuondoa mkosi, nitaleta. Lakini leo sirudi."

Mzee Ojwang akapokea simu akamtukana mkwewe kwa Kijaluo mpaka pumzi ikamwishia. Yule mbuzi, tuliambiwa baadaye, alichinjwa jioni hiyohiyo, na marehemu mwenyewe akala paja.

Walirudi Kianda Jumapili. Nyongesa alitaka wasubiri giza kwanza, ila neno hilo alilisema nusu tu, akaliacha. Waliingia watu wakitoka kanisani, mabegi mgongoni, ngozi ya pua ikibanduka. Mama Ndeti alikuwa katikati ya njia na kikundi chake kizima.

"Filister, tulikulilia. Tulifunga tukikuombea."

"Najua, mama. Kwa machozi yenu naomba msamaha, na nitaomba mbele ya kikundi. Kwa bahari, siombi."

"Mama mzima! Mtoto yuko boarding, nyumba ya bwana yako haina mabati, na wewe unaenda kuchezea maji?"

Watu wakasimama. Wengine walijifanya wanafunga kamba za viatu. Filister alifungua mdomo, lakini Nyongesa akamtangulia.

"Mama Ndeti, mimi ndiye niliyewadanganya, si yeye. Hakukuwa na msiba. Nilimpeleka bibi yangu kutembea." Alisema kwa sauti ya mtu anayeita wateja. "Na Desemba nampeleka Lamu."

Desemba kila mtu hupakia sukari na mkate akaenda kwao, hata asiye na kitu hukopa nauli, na asiyeonekana nyumbani Desemba huulizwa kama yu hai. Mama Ndeti akamtazama Filister, akingoja aeleze wazimu huu ni wa nani.

Filister pia alikuwa akisikia habari za Lamu kwa mara ya kwanza.