Habari Nilizofichwa Jangwani

Kampavani tuliinunua mwaka uleule chuo kiliponiambia kwamba hakinihitaji tena. Wanafunzi wa kigeni hawakuwa wakiingia Australia, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa kigeni kuandika insha. Mtu mwenye akili timamu angetafuta kazi nyingine. Mimi nilitafuta gari lenye kitanda.

Lilikuwa gari kuukuu, zamani jeupe, lenye jiko la gesi, sinki la kutosha sahani tatu, na choo ambacho mtu wa kimo changu hukikalia magoti yakiwa nje ya mlango. Mke wangu alilizunguka mara moja pale uani kwetu St Marys, magharibi mwa Sydney, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikitimaji.

“Humu tutaonana sana,” alisema.

Yeye ni nesi katika makao ya wazee. Mwaka uliotangulia alikuwa amefunga macho ya watu wengi kuliko alivyotaka kunieleza, na likizo yake ya miaka mingi ilikuwa imelimbikizana bila kuguswa. Alikubali safari kwa sababu ya kuchoka. Mimi niliandika mahali kwamba alikubali kwa sababu ya mapenzi ya ardhi pana. Ndiyo hasara ya kuolewa na mwandishi.

Kaka yangu alikuja kutoka Auburn kuliangalia gari. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne na kufika Australia kwa miaka tisa, na hakuacha kunikumbusha yote mawili. Alikuwa akiendesha forklift katika ghala, na digrii zangu zilimchekesha kuliko kitu chochote.

“Profesa,” alisema, “watu wetu walitoka kwenye nyumba za bati wakaja huku kutafuta matofali. Wewe umepata matofali, unarudi kwenye bati. Tena bati lenye magurudumu.”

“Hii ni faiba.”

“Ni bati,” akasema. “Bati lililoenda shule.”

Tuliondoka mwanzoni mwa majira ya baridi, mambo ya korona yakiwa yametulia, tukavuka kuingia South Australia, jimbo ambalo ukiiacha pwani yake lililobaki karibu lote ni jangwa. Wiki chache baadaye Sydney ikafungwa nyuma yetu. Upande wetu wa magharibi ndio uliobanwa zaidi: St Marys, Auburn, Bankstown, kote huko watu waliwekewa kafyu na kufuatwa na helikopta, huku kwenye fukwe za mashariki wenzetu wakitembea na vikombe vya kahawa kwa ajili ya afya. South Australia nayo ikatangaza kwamba mtu wa kutoka kwetu haingii. Sisi tulikuwa tayari ndani. Kurudi nyumbani tuliruhusiwa wakati wowote, ila tukisharudi tusingeweza kutoka tena. Nikaamua, kwa niaba ya wote wawili, kwamba tutakaa.

Tukakaa kwenye mji mmoja wa wachimba vito, mbali kaskazini, ambako wenyeji wenye busara huishi ndani ya nyumba zilizochongwa chini ya ardhi. Sisi tuliishi juu yake. Ilipofika Septemba, kipimajoto cha mlangoni kilipita thelathini na nane kabla ya chakula cha mchana. Ndani ya gari siagi iliishi kama kinywaji. Tulifunga turubai la kivuli ubavuni, tukaketi chini yake kwenye viti vya kukunja, na jua lilivyozunguka tukazunguka nasi, kiti baada ya kiti, kama wagonjwa wanaosogea kwenye foleni. Maji yalikuwa na ladha ya kutu. Vumbi lilikuwa jekundu, nalo liliingia kwenye mswaki.

Dukani watu walituepuka. Namba ya gari ilitangaza kwamba tumetoka New South Wales, jimbo la Sydney, na mama mmoja alilivuta toroli lake nyuma aliponiona nikishuka. Nimeangaliwa vibaya katika nchi hii kwa sababu nyingine kwa miaka mingi. Kuchukiwa kwa ajili ya namba ya gari niliona ni maendeleo. Nililiandika hilo pia. Nilikuwa naandika kila siku. Nilikuwa na insha ndefu kuhusu utulivu, kuhusu mtu ambaye amejiondoa kwenye kelele za dunia ili asikie. Naikumbuka sentensi yake ya kwanza, na sitaiandika hapa.

Siku moja ya wiki hizo kaka yangu aliingizwa hospitali. Kirusi cha korona kilikuwa kimeingia ghalani kwao. Mke wake, shemeji yangu, alimpigia simu mke wangu siku ileile. Mimi sikupigiwa.

Hapa lazima nieleze desturi ambayo msomaji wangu huenda anaijua vizuri kuliko mimi. Kwetu, mtu aliye safarini hapewi habari mbaya. Anangojewa afike. Anaketishwa, anapewa maji, anapewa chakula, na akishakula ndipo mtu mwenye umri huvuta kiti karibu. Desturi hiyo imeokoa watu. Mtu aliyeshika usukani akiambiwa kwamba mzazi wake amekufa, anaweza kuwapa ndugu zake mazishi mawili. Tatizo lake ni moja tu: inadhani kwamba safari ina mwisho. Haikumfikiria mtu ambaye nyumba yake yenyewe ina magurudumu, ambaye amekaa wiki kumi na nne mahali pamoja akisogeza kiti, na bado kwa hesabu ya watu wake yuko barabarani.

Kundi letu la ibada kwenye WhatsApp lilikuwa na watu sitini na kitu. Siku aliyolazwa kaka yangu lilizaliwa kundi la pili, lenye watu walewale kasoro mmoja. Huko ndiko walikoombea, walikopeana zamu za kumpigia shemeji, walikopashana habari za kipimo cha oksijeni. Kundi la zamani hawakuliacha life, kwa sababu ukimya ungenishtua. Kila asubuhi walinitumia picha ya maua na mstari wa Zaburi. Nilikuwa msomaji pekee wa gazeti lililochapishwa kwa ajili yangu.

Mke wangu alikuwa kwenye kundi la pili. Alikuwa analisoma umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye goti langu.

Siku ya tatu nilimpigia kaka yangu mwenyewe. Nilitaka kumsomea kile kipande cha namba ya gari, nilijua atacheka. Simu ilipokelewa na shemeji.

“Amelala, shemeji.”

“Saa sita mchana?”

“Ametoka zamu ya usiku.”

Kaka yangu alikuwa ameacha zamu za usiku tangu mgongo wake ulipoanza kumsumbua. Nililijua hilo. Nilisema, “Haya, mwache apumzike,” nikarudi kwenye utulivu wangu.

Mke wangu alijaribu. Lazima nimpe haki yake, ingawa kwa muda mrefu sikutaka kumpa. Desturi ilimkataza kuniambia; haikumkataza kunifikisha nyumbani ili niambiwe. Siku ya pili alisema, “Vumbi hili limenifika kooni. Turudi kwetu, baba watoto.”

“Tukafanye nini? Tukapungie helikopta mkono?”

Siku ya nne alisema analiota jiko lake. Nikamwambia kwamba ndoto za jiko ni jambo zuri la kuandikia, nikachukua kalamu. Siku ya sita alisema jino linamuuma. Mwanamke huyu alizaa watoto wawili bila kupaza sauti. Nikamjibu kwamba daktari wa meno huja mjini pale kila baada ya wiki mbili, na kwamba zimebaki siku tano tu.

“Wewe,” alisema, “ukishakaa hukai. Unaota mizizi.”

Nililichukulia kama sifa.

Siku ya nane niliamka nikakuta turubai limekunjwa, viti vimefungwa kamba, mtungi wa gesi umezimwa. Alikuwa ameketi kiti cha abiria, mkanda amejifunga.

“Twende,” alisema.

“Jino?”

“Ndiyo. Jino. Twende.”

Ni zaidi ya kilomita elfu moja na nusu. Kwa gari lile, na kwa dereva yule, ni siku tatu. Njia nzima alinilisha kama mtoto: machungwa yaliyokwisha kumenywa, mayai ya kuchemsha, chai kutoka kwenye chupa. Kila nilipopita themanini aliniambia nipunguze. Simu yake aliilaza kifudifudi juu ya paja. Nilimwambia kwamba jino lake limemfanya mpole, akasema asante.

Siku ya pili ya mwendo, baada ya kuvuka mpaka na polisi kutupungia tupite, tulisimama kwenye kituo kimoja cha petroli. Alishuka kwenda chooni na simu yake. Nilijaza tangi, nikafuta kioo, nikafuta tena. Alirudi baada ya dakika ishirini uso umeoshwa, nywele za mbele zina maji.

“Kulikuwa na foleni,” alisema.

Kwenye kituo kile gari lilikuwa letu peke yake. Nililiona hilo. Nikawasha injini.

Tulifika St Marys mchana wa siku ya tatu. Nyumba ilikuwa na harufu ya mahali palipofungwa. Kabla sijavua viatu alikuwa amebandika maji ya ugali. Akafungua kopo la maharagwe, akakaanga kitunguu, akaniwekea mezani, akaketi mbele yangu bila sahani yake. Nilikula vizuri. Nililisifu jiko lake. Nilipomaliza akachukua sahani, akaiosha, akaikausha, akairudisha kabatini, kisha akaniletea kompyuta yangu ikiwa imefunguliwa.

Kwa sababu ya vizuizi hakuna aliyeweza kuja kwetu kuvuta kiti. Walikuja kwenye skrini. Visanduku ishirini na kitu, kila familia na chake, watu wote wa kundi letu, wamevaa nguo nyeusi, sauti zimezimwa. Nilidhani ni ibada. Shemeji yangu alikuwa katikati, kitambaa kichwani. Akawasha sauti yake.

“Shemeji, umefika salama?”

“Nimefika.”

“Umekula?”

Miaka hamsini na mitatu nimesikia swali hilo likiulizwa watu wengine kwa sauti ile. Sikuhitaji la pili. Mzee mmoja wa kanisa aliendelea na maneno yake yote, maana alikuwa ameyaandaa, na mimi nikamwangalia midomo ikifunguka na kufungika. Kaka yangu alikuwa amekufa siku iliyotangulia, dakika zilezile nilizokuwa nafuta kioo.

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo siwezi kusema nilinyimwa kila kitu.

Kilichonikaa rohoni ni siku sita. Nilikuja kuambiwa kwamba siku sita za mwanzo, kabla ya kulazwa usingizi wa mashine, alikuwa akizungumza. Simu yake ilikuwa palepale kitandani, mkononi mwa shemeji. Siku sita ningeweza kupiga nikamsikia akiniita profesa. Wiki kadhaa sikumsemesha mke wangu ila kwa mambo ya nyumba, na siku nilipomsemesha nilipiga kelele.

“Ungeniambia nisimamishe gari!”

“Ukiendesha?”

“Sikuwa naendesha! Nilikuwa nimekaa! Wiki kumi na nne nilikuwa nimekaa!”

“Ulikuwa safarini,” alisema. Hakupandisha sauti. “Na mama yenu alipofariki, kaka yako akiwa anarudi kwa gari kutoka Melbourne, nani alisema asiambiwe? Nani alimpigia akaongea naye habari za mpira njia nzima?”

“Ile ilikuwa siku moja.”

“Kwa sababu yeye alikuwa anarudi. Mimi nilikuambia turudi mara tatu.”

Nikaona kwamba kwake sina kesi, nikaihamishia Auburn. Vizuizi vilipolegezwa nilikwenda kwa shemeji yangu. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na maboksi ya nguo za kaka yangu ukumbini, nikakaa katikati yake na hotuba yangu tayari. Nilikuwa nimeitayarisha kama mhadhara: jinsi watu sitini wazima walivyojipa haki ya kuamua ni lini ndugu atajua habari za ndugu yake. Nilianza na swali, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi.

“Aliniulizia?”

“Kila siku.”

“Mkamwambia nini?”

“Tulimwambia uko njiani.”

“Tangu siku gani?”

“Ya kwanza.” Alikuwa akikunja shati, mikono ndani, kola juu. “Hatungeweza kumwambia umekaa, shemeji. Angeumia. Tulijua ukisikia tu utakuja, kwa hiyo tukasema unakuja.”

“Basi si mngeniambia!”

Akaliweka shati juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja.

“Nilitaka kukuambia. Siku ile ya pili nilikuwa nimeshika simu, nakutafuta. Yeye ndiye aliyenizuia. Pumzi ilikuwa shida, akaondoa ile barakoa ya oksijeni ili aseme. Alisema, yuko barabarani, na gari lenyewe unalijua. Asiambiwe mpaka afike.”

Hasira yangu nilikuwa nimewagawia watu wote, mke wangu sehemu kubwa, shemeji sehemu ya pili, wale wa maua na Zaburi kila mmoja na yake. Kaka yangu sikuwa nimemwekea. Nilikaa nayo hapo ukumbini, na shemeji akaendelea kukunja nguo, na baada ya muda akanisogezea boksi tupu ili nimsaidie.