Niliwaambia akina mama Auckland hadi Doha ni masaa nane

Wakuu, salamu kutoka Kanyangi, Kitui. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mashahidi ni akina mama kumi na wawili wa kanisa. Njooni muwaulize.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoza maziwa. Karo ya diploma nililipa kwa kuchoma matofali, hakuna mjomba alinisaidia. Nimefanya kazi New Zealand miaka minne. Ukipita sokoni ukaona nyumba ya mabati ya kijani, usiulize ni ya nani.

Tuendelee.

Nikijiandaa kurudi, mama alinipigia. "Mutua, hiyo ndege itakaa juu masaa mangapi?"

Kikundi chake cha maombi kilikuwa kimeamua kufunga na kuomba tangu ndege ipae mpaka itue. Hakuna chakula, hakuna chai.

Nikaangalia tiketi. Kutoka Auckland saa tisa mchana, kufika Doha, ambako ningebadilisha ndege, saa tano usiku, siku hiyo hiyo.

"Masaa nane, mama. Kilomita zaidi ya elfu kumi na nne, bila kusimama!"

Sikuona shida yoyote hapo. Msomi ameongea.

Ndege ikapaa. Kenya ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na akina mama wakaanza. Mimi huko juu nakula kuku, nalala, naamka, naletewa kuku tena.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na dada yangu Mwende, aliyekuwa ametoka Wote, Makueni, kuja kunipokea.

Saa nane mchana wakaimba wimbo wa mwisho, wakafunua sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mama akapiga simu yangu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akarudisha sahani mezani.

"Asi! Masaa yameisha na mtoto hajatua."

Mama akaanza kulia.

Mwende akatafuta ile ndege kwa ramani ya mtandao. "Mama, iko sawa. Ndio inaacha Australia."

"Na hiyo Australia iko karibu na Doha?"

"Bado masaa tisa, mama."

Mama Kasyoka, mkubwa wao, akafunika sufuria. "Huyu kijana tutamchapa akifika. Haya, magotini!"

Nikatua, nikawasha simu, nikapiga. Vigelegele! Halafu mama, sauti imekauka kabisa:

"Wewe ulihesabu masaa nane. Magoti yetu yamehesabu kumi na saba."

"Pole mama. Sasa kutoka hapa mpaka Nairobi ni mengine matano..."

"Hayo jiombee mwenyewe! Sisi tunakula."

Akakata simu.

Funzo, wakuu: kwenye tiketi, kila mji una saa zake. Auckland iko mbele ya Doha kwa masaa tisa, na mimi sikuyaongeza. Jumapili niliwachinjia mbuzi, tena dume kubwa, kwa sababu mimi sifanyi vitu vidogo.

Wewe je, safari yako ndefu zaidi hewani ilikuwa masaa mangapi, na nyumbani uliwaambia mangapi? Ungameni hapa chini.