Kitenge kilichopita kwenye maiki ya Jeska

Asubuhi hii majirani wa Ipuli, mjini Tabora, wanafungua madirisha waingize hewa. Najiat Omari anafunga la kwake. Anazima feni, anashusha blanketi zito mlangoni, anavaa spika za masikioni na kubonyeza kitufe. Mara anakunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.

"Hapo! Umesikia? Khrrrr. Katikati ya wimbo, jamani!" anamwambia mwandishi.

Najiat, mwenye miaka 36, ni mchanganyaji wa sauti. Kwaya ikirekodiwa kwa maiki kadhaa, yeye ndiye anayekaa na sauti hizo kwenye kompyuta, ya huyu akaishusha, ya yule akaipandisha, mpaka zitoke kama wimbo mmoja. Alianzia kwenye kaswida na harusi za mjini. Sasa ana kwaya ya Kikatoliki kutoka Ulyankulu, kwenye makazi ya watu wenye asili ya Burundi, na hiyo khrrrr imemnyima raha wiki mbili.

Tatizo ni kwamba wateja wenyewe hawajakubaliana. Mwenyekiti wa kwaya anataka itolewe. Mwimbaji aliyekuwa kwenye maiki iliyonasa khrrrr hiyo amepiga simu akiomba ibaki, na hakusema kwa nini. Wote wawili wako njiani, na wimbo unatakiwa Jumapili.

Kurudia haiwezekani. Mwezi Januari upepo uliezua kanisa lao, wakahamia kwenye ghala la tumbaku la wakulima, na humo ndimo walimorekodi. Upande mmoja marobota ya tumbaku yamepangwa hadi juu. Upande wa pili ni bati tupu.

"Akina mama wa sauti ya kwanza walisimama kwenye marobota, basi, sauti zote zikamezwa," Najiat anasema. "Wanaume wakawa kwenye bati. Akikohoa mmoja unadhani radi. Na walikohoa kweli, vumbi la tumbaku lile! Nimefuta chafya mpaka najua hii ya nani."

Anacheka mwenyewe, tena kwa sauti. Baada ya hapo soko la tumbaku likafunguliwa, malori yakabeba marobota yote. Ghala limebaki tupu, na kwaya ikiimba humo leo haitalingana na ile ya siku ile hata kidogo.

Hodi inapigwa. Anaingia Mzee Evaristi, mwenyekiti, kofia mkononi, na nyuma yake Jeska, mke wa mkulima, mwenye miaka 28, aliyeongoza wimbo huo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeitoa?"

"Nimeitoa, na nimeiacha. Ziko mbili. Kaeni kwanza msikilize."

Anaanza na ile safi. Mahali palipokuwa na khrrrr ameweka mstari uleule aliouchukua kwenye ubeti wa pili. Mshono hauonekani. Mzee Evaristi anapiga paja.

"Haya ndiyo mambo! Hii nakwenda nayo redioni kifua mbele."

Jeska anaangalia sakafu.

"Vipi, dada, hujaipenda?" Najiat anamuuliza.

"Ni nzuri sana. Ila mama hayumo."

Mama anayesemwa ni Apolinaria, mama mkwe wake. Huko kwao mwimbaji akiwagusa watu hawakai. Wanainuka wakicheza, wanakwenda kumtunza, wanamfuta jasho kwa kitenge. Siku ya kurekodi hilo lilikatazwa.

"Nilitangaza mara mbili," Mzee Evaristi anasema. "Leo hakuna kumfuta mtu jasho, tunarekodi! Watu wote wakatii. Yeye akainuka, kitenge chake kikapita juu ya maiki, ndiyo khrrrr hiyo. Nilitamani kulia."

"Na mimi nililia," Jeska anasema.

Anaeleza kwa sauti ya chini. Mwezi Machi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, huku nyuma moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ukazidi. Mavuno ya familia yakaungua karibu yote. Tangu siku ile mama mkwe hakumpa neno zaidi ya salamu.

"Jembe tunashika pamoja, jiko letu ni moja, lakini hatuongei. Kwaya yenyewe alishasema ndiyo iliyotuponza. Halafu siku ile namwona anakuja, anacheza, ananifuta uso mbele ya watu wote. Sasa mkitoa hicho kitenge, mimi nitabaki na nini?"

Hata mwandishi anatafuta pa kuangalia.

"Ngojeni," Najiat anasema. "Kuna kitu sikielewi hapa."

Alikuwa amening'iniza maiki nyingine karibu na marobota. Upande huo hauna mwangwi, kwa hiyo imenasa hata minong'ono. Anaizima maiki ya Jeska, anaipandisha hii. Vinasikika vigelegele, kisha mtu anasema jambo fupi.

"Nimesikia ni Kirundi, na Kirundi sijui. Nilitaka kufuta, nikasema hapana, siwezi kufuta maneno ya mtu nisiyoyaelewa."

Anarudia. Safari hii maneno yako wazi: "Ririmba, mwana wanje."

Jeska anaziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee Evaristi ndiye anayetafsiri, taratibu: "Imba, mwanangu."

"Sikusikia," Jeska anasema, machozi yanatiririka. "Bati lilikuwa linapiga kelele, nilihisi kitenge tu. Tangu niolewe hajaniita hivyo. Hata siku moja!"

Mzee Evaristi anageuzageuza kofia yake.

"Redioni watasema hawa hawajui kurekodi," anasema, kisha anapumua kwa nguvu. "Aa, waseme. Iache, mwanangu. Iache kama ilivyo."

Najiat hakuiacha kama ilivyo. Aliipunguza makali khrrrr, akaleta vigelegele mbele kidogo ili msikilizaji ajue kuna mtu amekuja, na yale maneno akayapa nafasi yao. Waliposikiliza tena, Mzee Evaristi aliomba irudiwe, halafu akaomba tena.

Kabla ya kuondoka, Jeska aliomba awekewe kipande kile peke yake kwenye simu.

"Mama hajui kama alisikika. Akininunia tena, namwashia!"

Wakacheka wote, yeye machozi hayajakauka.

Kazi hii humlisha Najiat kwa kubahatisha. Kuna miezi ya kwaya mbili, na kuna miezi ya kutengeneza redio za watu tu. Anawaza kufunika kuta za chumba chake kwa magunia, maana ghala limemfundisha. Hilo litasubiri. Jumapili kanisa lenye paa jipya linabarikiwa, naye amealikwa.

"Nakwenda," anasema huku akiwasha feni. "Nimegombana na kile kitenge wiki mbili nzima. Sasa nataka nimwone mama mwenye nacho, nimpe shikamoo yake."