Nusu ya Kaka Yangu

Mwaka huu kaka yangu amerudi Misigiri kutoka Ulaya, karudi ndani ya kopo. Mwanawe ndiye aliyemleta kwa ndege. Shikamoo yenyewe aliitoa amesimama, begi mgongoni, kisha akaeleza kwamba kule baba yake walimchoma, na kwamba ndani ya ndege alimweka juu, pamoja na mabegi ya watu. Yeye akalala usingizi. Anasimulia hivyo bila haya.

Wewe mwenzangu uliyekulia huku unajua tulivyokuwa. Babu yetu alipofia hospitali, wanaume walimleta kwa miguu juu ya kitanda cha kamba, wakipokezana. Wakipumzika, mmoja anabaki ameshika kitanda, maana marehemu haachwi peke yake. Sisi wasichana tulisaga uwele mpaka viganja vikachubuka, jiwe linalia uani mchana kutwa. Bibi alikaa pembeni ya mumewe, hali, hasinzii. Kaka, mtundu yule, siku zote tuligombania ukoko wa ugali. Siku ile aliniachia wote.

Sasa huyu msomi wa ndege akaniambia tuzike nusu tu. Nusu nyingine atarudi nayo, mama yake anaitaka ikae sebuleni, juu ya kabati.

Nikamuuliza, "Nusu ipi unaniachia, ya miguu au ya mdomo?"

"Shangazi, ni majivu tu. Yanagawanyika."

"Kinachogawanywa ni nyama ya mbuzi. Lete hapa."

Kopo nikaliweka mapajani, nikalifunika khanga, nikakaa nalo. Huko nje vijana walichimba kishimo cha kupandia mpapai, eti kinatosha. Nikawarudisha wachimbe urefu wa mtu mzima. Walicheka chinichini, lakini walichimba. Kaka akaingia mzima, si nusu, mwanawe kasimama kando kanuna, anapiga picha kwa simu.

Watu wa siku hizi wanajua kusafirisha mtu haraka, hilo siwanyimi. Mengine hawajui na hawaulizi. Zamani watoto tuliitwa, tukaonyeshwa uso wa marehemu, tukaambiwa tumuage. Safari hii wajukuu zangu walinijia wenyewe, wakaniuliza babu yao wamuage wapi. Nikawaonyesha udongo, maana kingine cha kuwaonyesha sikuwa nacho.