Ndege Iliyopaswa Kusimama Tabora

Ni mimi niliyemwambia bibi kwamba ndege ya Dar es Salaam husimama Tabora. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, shahada mbili zikiwa kabatini, na ningeendelea kulikana kama juzi, kabla hatujaondoka Mwanza, rubani asingetangaza kuwa tungefika Dar baada ya saa moja na dakika ishirini. Abiria wenzangu walifunga mikanda. Mimi nilinusa samaki.

Enzi zile za Ujamaa tuliishi Mirongo, mtaa wa Mwanza, na Dar ilikuwa siku mbili kwa treni. Bibi, mama yake baba, hakuwa na habari na kilomita. Safari aliipima kwa chakula. Hadi Shinyanga ilikuwa karanga za kukaanga. Tabora, ambako mabehewa yalingoja weee, ilikuwa sato mzima. Kuanzia Dodoma ilikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo mtu hutafuna polepole huku akiwaza kwao.

Basi wafanyakazi wenzake baba kule kiwandani Nyakato wakamchagua awawakilishe mkutanoni Dar, tena kwa ndege. Bibi akaniita.

"Mke mwenzangu, wewe unayesoma, hebu nipimie. Hiyo ndege inapita wapi?"

Mwalimu alikuwa ametufundisha kupima umbali kwa uzi juu ya ramani. Nikaulaza uzi wangu juu ya reli, kona kwa kona, kwa kuwa njia nyingine sikuiona imechorwa. Kisha nikatangaza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba ndege itasimama Tabora, na huenda ikalala huko.

Bibi alipika kutwa nzima. Baba, ambaye hakuwahi kumbishia mama yake, alipanda ndege na suti yake mpya na kikapu cha ukindu kinachovuja mafuta. Aliporudi alisema, "Tumepaa, nimemega sato, tumetua."

Jirani yetu, bwana wa Bukoba aliyewahi kupanda ndege mara moja na kutukumbusha kila wiki, alicheka mpaka akashika ukuta. "Shikamoo mama! Huko mawinguni stesheni masta ni nani?"

Mtaa ukacheka. Baba akauliza ni nani aliyemwambia bibi mambo yale. "Mimi sijui," nikajibu, kabla hajamaliza kuuliza. Bibi akanitazama kidogo, akasema, "Uzee wangu tu." Kicheko kile kilimfuata mpaka kwenye matanga yake.

Siku hizi hakuna anayenipikia safari. Dar imekuwa kikombe cha chai na biskuti mbili, nami hushuka bila kujua nimepita wapi. Ni raha, silalamiki. Lakini zamani ulifika ukiwa umeitafuna nchi yote.

Nilipotua nilimpigia baba, nikaungama.

Akasema, "Rudia. Naweka spika, shangazi zako wako hapa."

Nikarudia yote, na uzi wake. Wakacheka mno, safari hii wakinicheka mimi, na nilijisikia vizuri ajabu. Kisha shangazi mkubwa akaisogelea simu.

"Kwa hiyo mama hakujitungia?"

"Hapana, shangazi. Ni mimi."

"Haya," akasema. "Miaka yote tumesema mama hakujua kitu. Kumbe alimwamini aliyesoma."